Kisu Kimoja, Mlikuwa Wangapi?

Bujumbura, Buyenzi, 12 Januari 1969

Mjomba wangu Namegabe,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mkeo Candide na magoti yake, halafu Nsimire mdogo wangu, halafu mbuzi wote mpaka yule wa pembe moja aliyenilia soksi nilipokuja mara ya mwisho. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kwa Bi Mwantum, fundi cherehani, kinavuja upande wa vitabu na si upande wa kitanda. Hospitalini wameacha kukicheka Kirundi changu, au labda sasa wanacheka nikishapita.

Kilichonikalisha kuandika ni hiki. Mwezi wa sita watakuja maprofesa watatu kutoka Ulaya kuchagua madaktari wa kwenda kusomea upasuaji. Nafasi ni mbili, tumejiandikisha saba. Hakuna kuandika hata mstari mmoja. Unasimama mbele yao dakika ishirini na kujibu kwa mdomo, kwa Kifaransa, na patron wangu, mpasuaji mkuu wa hapa, atakaa nao meza moja. Watarudi baada ya miaka mitatu, na hawachukui mtu aliyevuka thelathini. Mimi nina ishirini na minane. Piga hesabu uone kama nina mara ya pili.

Mjomba, unanijua. Nipe karatasi nitaijaza mbele na nyuma. Lakini mtu mzima akinikazia macho na kuniuliza, ulimi unaganda. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akisema unaangalia chini, na somo hilo nililifaulu kuliko yote. Juzi patron aliniuliza wodini, mbele ya wauguzi, kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua. Nilimjibu, "Ndiyo, patron." Swali lenyewe halikuwa la ndiyo wala hapana.

Wewe umesimama katika chumba cha upasuaji miaka ishirini na miwili, ukiwapa madaktari visu na kuwasikia wakiulizana. Nitungie maswali. Silali vizuri, natembea barabarani nikijisemesha, na jana nilipitiliza nyumba yangu mwenyewe.

Nampa barua hii Rachidi, yule dereva wa lori la Bukavu. Posta siiamini.

Mpwa wako,
Anselme Murhula


Bukavu, Kadutu, 2 Februari 1969

Murhula, daktari wa ndiyo-patron,

Salamu zako tumezigawa, na mbuzi amepata ya kwake. Candide anasema magoti yanaumwa zaidi mtu akiyauliza. Nsimire amekuwa wa kwanza katika hesabu kwa masista, na gauni la shule tulilomshonea Septemba limekuwa blauzi. Mtoto anarefuka kama amekatazwa. Ana mikono ya mama yenu, vidole virefu, hajui aviweke wapi akisimama.

Sasa sikia. Kujua kitu na kukisema ni kazi mbili. Nimewaona madaktari wenye vyeti vya kufunika ukuta wakiulizwa na mgeni "Unafanya nini hapo?" wakakohoa. Nimekuwekea bahasha tatu, kila moja na swali lake. Masharti yangu: usimame, usishike karatasi, uwe na saa, na anayekusikiliza awe mtu asiyejua udaktari hata kidogo. Daktari mwenzako atakuelewa kabla hujamaliza, na hiyo itakuharibu. Tafuta mtu atakayesema "sijaelewa" bila haya. Ukishaweza kwa Kiswahili, kisemee ukuta kwa Kifaransa.

Fungua moja moja, usiwe na pupa. Niandikie ulivyojibu.

Mjomba wako


Bujumbura, 9 Machi 1969

Mjomba mpendwa,

Hamjambo nyote? Mwambie Nsimire nimemnunulia kitambaa cha gauni, na Bi Mwantum atakishona yeye mwenyewe, tena aache pindo refu la kushushwa kila mwaka.

Bi Mwantum ndiye profesa wangu. Nilipomweleza alicheka mpaka akavua kastabini aliyovaa kidoleni asijichome sindano, kisha akaikubali kazi kwa ukali ambao sikuutegemea. Kila Jumapili asubuhi anakaa nyuma ya cherehani, saa ya mezani mbele yake, anafungua bahasha yako na kusoma polepole.

Bahasha ya kwanza, ya tumbo lililokakamaa kama ubao, nilianguka. Niliongea dakika tisa na Bi Mwantum akasema, "Mi sijasikia kitu. Huyo mugonjwa bado yuko mulangoni?" Tulirudia Jumapili tatu.

Bahasha ya pili ulitaka nieleze upasuaji mmoja niliofanya, tangu kunawa mikono mpaka bandeji. Nilimsimulia wa Aloys, fundi wa matofali wa Musaga, aliyeletwa akiugua ngiri, utumbo umeshuka ukanyongwa na umekwisha kuwa mweusi. Nikaanza: tulinawa, tulimpasua, tulikuta kipande kimekufa, tulitosha kipande...

"Kilitosha nani?" akauliza.

"Apana, Bi Mwantum. Tulikitosha. Tulikitoa."

"Aa, nyinyi watu wa Bukavu! Kutosha ni kutosha, kutoa ni kutoa. Haya, endelea."

Nikaendelea, tukaunga, tukashona, tukafunga. Dakika saba tu! Nikangoja sifa. Yeye akanitazama juu ya miwani.

"Mi nina swali, doktere. Kisu ni kimoja. Mulikuwa watu wangapi kukishika?"

Mjomba, niliketi chini. Maana nilikuwa peke yangu. Ilikuwa Jumapili, walipopiga simu nyumbani kwa patron, mtaa wa Kiriri, mtumishi akasema bwana ameenda ziwani na familia. Nilimpasua Aloys mimi, na muuguzi mmoja wa kunipa vifaa, na Aloys yuko Musaga anajenga. Jumatatu patron alisoma rejista, akaandika jina lake juu ya langu, akanipiga bega na kusema, "Tumefanya kazi nzuri." Tangu siku hiyo na mimi nasema "tu": tulipasua, tulishona. Nikisema "mimi" mbele ya wale maprofesa, naye amekaa pale mezani, nimemwambia kila mtu kwamba siku hiyo hakuwepo. Nikisema "tu", wataandika kwamba Murhula anashikilia taa wengine wakipasua. Niambie nifanyeje, kwa sababu sipati usingizi kwa neno lenye herufi mbili.

Bahasha ya tatu, "Kwa nini upasuaji?", hiyo sikuhitaji hata saa. Jibu hili ninalo tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nitawaambia: mama yangu alikufa kwenye meza ya upasuaji siku ya Pasaka, katika hospitali ya misheni, kwa mkono wa daktari asiyejua kazi yake, wakati wa kumzaa mdogo wangu. Nimemchukia mtu huyo miaka kumi na mitatu bila kuiona sura yake, na chuki hiyo ndiyo iliyonisomesha. Bi Mwantum alifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Wewe ulikuwepo, mjomba. Uliniambia, "Tulimpasua, lakini Mungu akamchukua." Nikumbushe jina la yule daktari. Nataka kulitaja.

Mpwa wako,
Murhula


Bujumbura, 20 Aprili 1969

Mjomba,

Je, mko wazima? Wiki sita bila neno. Nilidhani ni barabara, lakini Rachidi amepita hapa mara mbili. Anasema barua aliiweka mkononi mwako, ukaisoma umesimama mlangoni, ukaikunja. Alipokuuliza kama kuna jibu ukampa mkungu wa ndizi. Ndizi nilizipokea, ahsante. Bi Mwantum amezipika na zilikuwa nzuri.

Nimekukosea nini? Kama ni ile habari ya patron, sema.

Hapa kazi inaendelea. Bi Mwantum ametunga adhabu: kila nikisema "tu" anagonga chuma cha cherehani kwa kastabini, tik. Jumapili ya Pasaka aligonga mara kumi na nne. Nimeanza kuisikia hata wodini, nikiongea na wagonjwa. Zimebaki wiki nane.

Murhula


Bukavu, 4 Mei 1969

Mpwa wangu,

Sisi ni wazima. Nsimire anakusalimu, anauliza kitambaa ni rangi gani. Mvua nyingi.

Kuhusu Aloys: sema ukweli, uuseme kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetaja siku ya juma. Usimshitaki patron wako, usimfiche pia.

Jibu lako la bahasha ya tatu lichane. Usilipeleke mbele ya watu hao. Usiniulize sababu.

Namegabe


Bujumbura, 11 Mei 1969

Mjomba,

Salamu kwa wote. Kitambaa ni bluu.

Umeniambia nisiulize, nami nilitaka kutii. Leo asubuhi, kabla ya kulichana lile jibu, nilisema nilisimulie mara ya mwisho. Nikasimama mbele ya Bi Mwantum, nikafika pale penye maneno yako: mjomba aliniambia, "Tulimpasua..." Bi Mwantum akagonga. Tik.

Ilikuwa mazoea tu, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. Akasema, "Samahani, hiyo si yako, ni ya mujomba." Lakini mimi sikuweza kuendelea. Nilitoka nje, nikatembea mpaka soko, nikarudi, nikatoka tena.

Daktari yule hana jina. Miaka kumi na mitatu hujawahi kumtaja hata kwa bahati mbaya, wewe unayekumbuka jina la kila mzungu aliyewahi kuangusha mkasi. Nijibu upesi.

Mjomba, kisu kilikuwa kimoja. Mlikuwa wangapi?

Murhula


Bukavu, 25 Mei 1969

Murhula, mtoto wa dada yangu,

Candide yuko kanisani na Nsimire yuko shuleni kwa mazoezi ya kwaya, ndiyo maana naweza kuandika.

Nilikuwa mmoja.

Daktari alikuwa ameshuka Bukavu kula Pasaka kwa rafiki zake. Mama yenu aliletwa kwa machela Jumapili asubuhi, damu inamtoka kabla ya uchungu. Kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mbele ya mtoto. Nilimjua alipokuwa bado mbali, kwa kitenge chake. Nilituma mtu kwa baiskeli akamwite daktari. Akarudi, daraja limechukuliwa na mvua. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ile miaka tisa. Nilikuwa nimeona jambo hilo likifanywa labda mara arobaini, mkono wangu ukiwa na koleo tu. Sista akasema, "Namegabe, tusali." Odette dada yangu aliniangalia akasema, "Weye unajua. Fanya." Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Nilimpasua. Mtoto nilimtosha akiwa mzima, akalia. Damu haikukoma. Niliweka kila kitu nilichokuwa nacho, mwisho niliweka mikono yangu, haikukoma. Hakukuwa na damu ya kumwongeza hata chupa.

Jumanne daktari alifika. Mwafrika aliyempasua mtu enzi hizo alikwenda gerezani, na mzungu aliyeacha hospitali peke yake alirudishwa kwao. Alifungua rejista, akaandika jina lake, akaniambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Sisi tulipasua, Namegabe. Sawa? Sisi." Nikasema, "Ndiyo, patron." Unaona ulikoirithi.

Mwaka wa uhuru alirudi kwao. Ningeweza kusema tangu siku hiyo. Ulikuja likizo, ukasema unataka kuwa mpasuaji kwa sababu ya mtu yule, nikaona chuki inakupa nguvu za kusoma, nikasema moyoni acha imsomeshe, mwenye kuchukiwa hayupo. Uongo. Nilikuwepo, nakuchinjia kuku. Niliogopa, Murhula. Naogopa hata sasa. Kila Pasaka wanapompa Nsimire peremende za kuzaliwa, mimi natoka nikakate majani ya mbuzi.

Sijui kama daktari angemwokoa. Nimejiuliza kila namna. Wewe sasa una elimu. Ukitaka kuniambia, niambie, ukitaka kunyamaza ni haki yako. Lakini usisimame mbele ya maprofesa ukamlaani mtu asiyekuwepo, wakati aliyefanya anakusubiri nyumbani.

Nsimire hajui.

Namegabe


Bujumbura, 29 Juni 1969

Mjomba,

Nawasalimu wote. Rachidi atakupa gauni la Nsimire, bluu, pindo nne. Mwambie asikimbilie kulishusha.

Wiki tano sijakuandikia. Niliandika barua tatu nikazichana, na ya kwanza kati ya hizo ni afadhali hutaisoma kamwe. Sikukasirikia kisu. Nilikasirikia miaka kumi na mitatu. Nilikuwa na adui mzuri, wa mbali, mwenye ndevu nilizompa mwenyewe, nawe umeninyang'anya na kuweka mahali pake mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Hasira ilinikaa mpaka siku yenyewe ya mtihani.

Ilikuwa Jumanne tarehe 17. Niliingia wa tano. Maprofesa watatu, patron pembeni kulia. Yule wa katikati, mwenye nywele nyeupe, alinitaka nieleze upasuaji mmoja, kama vile amefungua bahasha yako. Nikaanza na Aloys. Lakini kwa Kifaransa, mjomba, "tu" inateleza kuliko Kiswahili. Wana neno dogo, "on", ambalo ni mimi, ni sisi, ni mtu yeyote. Nikasema, "On a incisé...", yaani tulipasua. Profesa akainua kalamu. "Huyo on ni nani?"

Wallahi, kama asemavyo Bi Mwantum, niliisikia kastabini.

Nikasema, "Mimi, bwana profesa. Nilikuwa peke yangu na muuguzi." Nilisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Patron alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Profesa akaniambia niendelee, nikaendelea, na ulimi haukuganda tena mpaka saa ilipolia.

Mwisho waliuliza kwa nini upasuaji. Lile jibu nilikuwa nimelichana kweli. Nilisimama hapo bila kitu. Halafu nikasema: kuna muuguzi mmoja aliyeachwa peke yake na kisu, hakuna aliyemfundisha, na kazi ilikuwa juu ya dada yake mwenyewe. Nataka nifundishwe, nami nifundishe watu kama yeye, kwa sababu wataachwa tena. Sikukutaja jina. Nilisema nikiwaangalia machoni, na sikuona haya.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Mimi ni wa pili. Naondoka Septemba. Patron hakunisalimia siku tatu. Siku ya nne aliniuliza kama nina koti la baridi, kwa kuwa lake la ujanani halimwenei tena.

Uliniambia nikitaka nikuambie. Nakuambia kama daktari, sina sababu ya kukufurahisha. Kondo limetangulia, daraja limekatika, damu ya kuongeza hakuna. Patron wangu mwenyewe angempoteza mama, na pengine angempoteza na mtoto. Hukumuua. Ulifanya kazi ya mpasuaji bila kufundishwa, na nusu ya kazi hiyo sasa hivi inavaa gauni la bluu.

Ndani ya mfuko wa gauni utakuta bahasha. Uliniandikia tatu; hii ya nne nimekutungia mimi. Masharti unayajua: usimame, usishike karatasi, uwe na saa. Anayekusikiliza awe mtu asiyejua lolote.

Mpwa wako,
Murhula


Bukavu, 13 Julai 1969

Daktari Murhula,

Sote wazima. Candide alipiga vigelegele kwa habari yako mpaka jirani wakaja wakidhani amekufa mtu au ameolewa mtu. Gauni limemkaa vizuri. Pindo moja limeshashushwa.

Bahasha yako nilikaa nayo siku nne. "Nani alimleta Nsimire duniani? Jibu kwa sauti, mbele yake." Wewe ni mtahini mbaya sana, nami ndiye niliyekufundisha.

Leo baada ya misa nilimpa Nsimire saa yangu aishike, nikamwambia akae. Nikasimama katikati ya chumba. Candide alidhani nimeshikwa na homa. Nikaanza, "Siku ile ya Pasaka tulimpasua mama yako..."

Huyu mtoto hajui habari ya kastabini wala ya fundi wako. Akauliza tu, "Nyinyi na nani?"

Nikamwambia, "Mi peke yangu." Nikaendelea mpaka mwisho, sikuruka kitu: kitenge, daraja, sista, damu, mikono yangu ilipokuwa. Nilipomaliza sikujua nikae au niondoke. Nilikuwa nalia, sasa najua kwamba nilikuwa nalia, Candide ameniambia baadaye. Nilingoja anikimbie.

Hakuangalia chini. Sijui masista wanawalea vipi siku hizi. Aliniangalia machoni, vidole vyake vile vimeishika saa, kisha akasema, "Kumbe ni we ulinitosha."

Mpelekee Bi Mwantum neno hilo kama lilivyo, na mwambie hili asilisahihishe.

Mjomba wako,
Namegabe